Mzinga ulioachwa kabatini: Drambuie hunywewa vipi, na hupikiwa nini?

Swali

"Mwalimu, habari za kazi. Jirani yetu Mskoti alimaliza mkataba akarudi kwao. Alituachia vitu vingi, kimojawapo chupa ya Drambuie iliyokwisha kufunguliwa, imebaki kama robo tatu. Mume wangu aliimimina kama anavyomimina wiski, akanywa mafunda mawili, akasema hii ni dawa ya kikohozi, akairudisha kabatini. Sasa imekaa miaka miwili. Je, imeharibika? Ni wiski au siyo? Inanywewaje ili isiwe tamu hivyo? Naweza kuipikia? Na ikiisha, ninunue nyingine? Hilo la kupikia nauliza kwa sababu Desemba wifi yangu huja na mumewe, nao ni Waislamu, na rafiki yangu ameniambia pombe ikishachemka huisha yote, kwa hiyo haina neno." (Msomaji, Mombasa)

Jibu

Haijaharibika, dada. Drambuie ina kileo cha asilimia 40, sawa na wiski ya kawaida, na juu yake ina sukari nyingi. Vijidudu vya kuharibu chakula havina pa kuishi humo. Kinachopungua ni harufu: chupa inavyozidi kuwa tupu ndivyo hewa inavyojaa ndani, na manukato mepesi, lile la ganda la chungwa hasa, huanza kufifia. Robo tatu iliyokaa gizani miaka miwili bado ni nzuri. Ingekuwa dirishani kwenye jua la Mombasa ningekwambia ipikie yote. Kifuniko kikikataa kufunguka, ni sukari iliyokauka tu. Kifunge kitambaa cha maji ya moto dakika mbili, kisha futa mdomo wa chupa. Isimamishe, usiilaze, na usiipeleke kwenye friji, kwa maana ikipoa huwa nzito kama shira na harufu inalala. Ila usiichukulie sawa na vileo vya krimu kama Amarula. Hivyo vina maziwa ndani, na miaka miwili baada ya kufunguliwa ni mingi mno kwao.

Wiski au siyo? Ndani yake mna wiski na asali, lakini yenyewe si wiski. Sheria ya wiski ya Uskoti kwa jambo hili haina mchezo: wiski yao lazima itengenezwe na kukomaa Uskoti kwenyewe, ndani ya mapipa ya mwaloni, kwa muda usiopungua miaka mitatu, itiwe kwenye chupa ikiwa na asilimia 40 au zaidi, na kisiongezwe kitu isipokuwa maji na rangi ya karameli. Ukitia kijiko kimoja cha asali, jina limeondoka. Kinachobaki ni likeri, yaani kileo kikali kilichotiwa utamu na viungo. Huko Ulaya likeri kwa kawaida haipungui gramu 100 za sukari kwa lita. Kwa hiyo mume wako hakukosea alipohisi dawa ya kikohozi. Alitarajia kitu kimoja akanywa kingine, na ulimi uliodanganywa huwa na hasira.

Mitaani Kenya, kama unavyojua, chupa kubwa ya pombe kali huitwa mzinga. Sijaona kileo kinachostahili jina hilo kama hiki. Kwenye Drambuie nyuki wapo kweli.

Asali yenyewe inastahili maneno mawili, maana ndiyo inayofanya Drambuie isifanane na likeri nyingine za dukani. Nimekaa nyuma ya kaunta na jikoni miaka kumi na tisa, saba kati yake Inverness, kaskazini ya Uskoti. Mwezi wa nane milima ya kule hubadilika rangi ikawa ya zambarau kwa kichaka kifupi ambacho Waskoti hukiita heather. Wafugaji nyuki hupakia mizinga kwenye magari na kuipandisha mlimani kufuata maua hayo. Asali yake ni nyekundu iliyokolea, ina uchungu kidogo nyuma ya utamu, na ina tabia moja ya ajabu: ndani ya mtungi hukaa imeganda kama jeli, ukiikoroga inalegea na kutiririka, ukiiacha inaganda tena. Wakamuaji huisumbua kwanza ndipo itoke kwenye masega. Huo uchungu wa nyuma ndio utakaokusaidia, kama nitakavyoeleza.

Viungo vingine ni siri ya kampuni, na kila mhudumu wa baa ana orodha yake. Ulimi wangu unapata zafarani, anisi, ganda la chungwa na kitu cha jamii ya kungumanga.

Kuhusu chanzo chake utasikia hadithi ya mwana wa mfalme, kwa hiyo bora uijue. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanja wa Culloden, mwendo mfupi wa basi kutoka Inverness, jeshi la Charles Edward Stuart lilivunjwa na jeshi la serikali. Charles alikuwa akidai kiti cha ufalme wa Uingereza kwa niaba ya baba yake. Alikimbia miezi mitano akisakwa, akavushwa hadi kisiwa cha Skye akiwa amevaa gauni, akijifanya mtumishi wa kike wa Flora MacDonald. Hadi hapo ni historia iliyoandikwa. Kisha inaongezwa kwamba alipofika kwa Kapteni John MacKinnon, akiwa hana cha kumlipa, alimpa siri ya kinywaji chake. Hiki kipande wanahistoria wengi hawakikubali, nami naungana nao. Mtu anayekimbia kamba ya shingo hana nafasi ya kukumbuka vipimo vya zafarani.

Kinachoshikika ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 familia ya Ross, wenye hoteli ya Broadford kisiwani Skye, walikuwa wakiwauzia wageni kinywaji hicho, na mwaka 1893 James Ross alisajili jina Drambuie. Ni neno la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa kule, lenye maana ya kinywaji kinachoridhisha. Ross alikufa mapema na mjane wake akauza siri hiyo kusomesha watoto. Ikaishia mikononi mwa Malcolm MacKinnon mjini Edinburgh, ambaye ndiye aliyeifanya biashara. Mwaka 1916 ikawa likeri ya kwanza kuruhusiwa kwenye ghala la vinywaji la bunge la mabwana (House of Lords), London. Ukoo wa MacKinnon uliishika hadi 2014, ulipoiuza kwa William Grant & Sons, wale wenye wiski ya Glenfiddich. Kwangu mimi mjane anayelipa ada ya shule ni hadithi bora kuliko ya mwana wa mfalme, lakini mjane hauzi chupa.

Sasa tuje kwenye glasi ya mume wako. Tatizo lake lina dawa moja, na ukiishika hiyo hutahitaji kitabu cha kokteli wala mimi. Drambuie ichukulie kama kiungo, wala usiichukulie kama kinywaji. Popote unapoitia, ondoa sukari nyingine yote, kisha iletee mpinzani: uchachu wa ndimu, uchungu wa kahawa, moshi wa wiski, au ukali wa tangawizi. Utamu ukipata wa kushindana naye, harufu zote zilizokuwa zimefunikwa zinajitokeza. Peke yake kwenye barafu, ni kama kula asali kwa kijiko kikubwa. Wapo waipendao peke yake baada ya chakula, kwa kiasi cha mililita 25, kwenye glasi ndogo na bila barafu, na siwalaumu. Toti kamili, jioni ya joto, kabla ya kula, ni kosa.

Mpinzani wa kwanza kabisa ni wiski yenyewe. Kinywaji hicho huitwa Rusty Nail, yaani msumari wenye kutu, jina lililoshika katika miaka ya 1960. Vitabu vingi vitakupa sehemu mbili za wiski kwa moja ya Drambuie, na vya zamani hata nusu kwa nusu. Usivifuate kwa mara ya kwanza. Mwanzishe mume wako na tatu kwa moja: wiski mililita 60, Drambuie 20. Tia barafu kubwa kubwa glasi ijae, mimina vyote viwili, kisha koroga sekunde ishirini kwa kuhesabu. Watu huruka hatua hiyo, lakini ndiyo inayobeba kinywaji. Drambuie ni nzito kwa sababu ya sukari, hukaa chini ya glasi kama shira, na asiyekoroga hunywa wiski kavu mwanzo na dawa ya kikohozi mwisho. Tena barafu inapoyeyuka kidogo inalegeza makali. Chukua ganda la limau, la rangi ya njano tu bila nyama nyeupe, likunje juu ya glasi mafuta yake yarukie kinywaji, kisha litumbukize. Akiona bado ni tamu, nenda nne kwa moja. Akisema ni kavu, rudi mbili kwa moja. Kila mtu ana namba yake na hakuna aibu.

Wiski gani? Usitumie ya bei. Wiski ya kawaida ya kuchanganya inatosha kabisa. Ukibahatika kupata yenye moshi, kama Talisker inayotengenezwa kisiwa kilekile cha Skye, utaona moshi na asali vinavyoshikana. Mkulima yeyote anayefukiza mzinga kabla ya kurina ameshakutana na harufu inayokaribia hiyo.

Mpinzani wa pili ni tangawizi, na kwa hali ya hewa ya Mombasa hiki ndicho ningekunywa mimi. Glasi ndefu, barafu tele, Drambuie mililita 40, maji ya ndimu moja nzima, kisha jazia Stoney Tangawizi. Stoney nayo ina sukari yake, kwa hiyo usipunguze ndimu. Afadhali zaidi, ponda tangawizi mbichi kipande cha kidole gumba, kamua kwa kitambaa, jazia soda isiyo na ladha. Hapo umeondoa sukari ya pili kabisa na tangawizi inauma kama inavyopaswa.

Tena unayo dawa. Ile kokteli ya Nairobi iitwayo dawa, ya vodka, ndimu, asali na kijiti cha kupondea, haikukaa kwenye menyu miaka yote hiyo kwa bahati: asali na ndimu vinajuana. Kata ndimu moja vipande vinne, vitie kwenye glasi fupi, viponde kwa kijiti bila kuvisaga maganda hadi uchungu utoke. Tia barafu iliyovunjwa, Drambuie mililita 30, vodka 30. Asali usitie, sukari usitie. Mgeni aliyezoea dawa ya kawaida atauliza umeweka nini, na hilo ndilo swali ambalo mhudumu wa baa anaishi kwa ajili yake.

Kwa usiku wa mvua, kusi likivuma na koo likiwasha, kuna ya moto: Drambuie mililita 40, maji mililita 120 yaliyochemka na kuachwa dakika mbili, kipande cha limau kilichochomekwa karafuu mbili. Maji yanayotokota usiyamimine moja kwa moja, mvuke utachukua kileo na manukato ukupige nayo puani. Haitibu mafua, ila utayasahau kwa muda.

Na kahawa, bila shaka. Mililita 30 katika kikombe cha kahawa chungu iliyokolea, bila sukari kabisa, na juu yake krimu iliyopigwa nusu, iliyo nzito lakini bado inamiminika, uipitishe juu ya mgongo wa kijiko. Katika kahawa ya wiski ya Waairishi lazima utie sukari, kwani ndiyo inayofanya kahawa iwe nzito kiasi cha kubeba krimu. Hapa Drambuie inaifanya kazi hiyo yenyewe. Usikoroge. Utamu hapa unapambana na uchungu, krimu ikiwa mwamuzi.

Onyo dogo kabla hatujaingia jikoni: asilimia 40 iliyofichwa kwenye asali haiumi koo, kwa hiyo mtu hujaza glasi ya tatu akidhani amekunywa soda. Pima kwa kipimo, usimimine kwa jicho.

Kupikia unaweza, na chupa iliyopungua harufu huenda ikawa na maisha mazuri zaidi jikoni kuliko kwenye glasi. Sheria ni ileile ya kutafuta mpinzani, ila inaongezeka moja: Drambuie ina sukari, na sukari huungua. Ukiitia mapema kwenye kikaango cha moto utapata lami. Iingie mwishoni, moto ukiwa umepungua.

Nikichagua pishi moja tu la kukupa, ni nanasi. Menya nanasi lililoiva lakini ambalo bado lina uchachu, kata miduara minene ya kidole kimoja, toa moyo. Lichome kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali hadi lipate alama za kahawia pande zote mbili, kama dakika nne kila upande. Punguza moto, tia siagi vijiko viwili vikubwa, pilipili manga ya kusaga kidogo na chembe ya chumvi. Siagi ikiyeyuka, ondoa kikaango jikoni, mimina Drambuie vijiko vitatu vikubwa, rudisha kwenye moto mdogo, tikisa dakika mbili mpaka mchuzi uwe mzito unaong'aa. Kamulia ndimu nusu. Kula na aiskrimu ya vanila au mtindi mzito. Embe dodo pia linakubali, lakini dodo ni tamu kupita kiasi, kwa hiyo ndimu iwe nzima.

Kwa nyama, mchuzi wa steki. Kaanga steki upendavyo, iweke pembeni ipumzike. Kwenye mafuta yaliyobaki kaanga kitunguu kidogo kilichokatwakatwa sana, tia Drambuie vijiko vitatu, iache itokote nusu dakika huku ukikwangua kikaango, tia supu ya ng'ombe kikombe nusu, ipungue hadi nusu yake. Malizia na krimu robo kikombe na kijiko cha chai cha haradali. Haradali usiiache. Ndiye mpinzani hapa, bila yeye utakuwa na steki iliyomwagiwa aiskrimu. Maini ya kuku yaliyosagwa na siagi kuwa ya kupaka kwenye mkate pia yanaipenda, vijiko viwili kwa nusu kilo. Bata vilevile, na paja la nguruwe: dakika ishirini za mwisho za oveni lipake mchanganyiko wa Drambuie, haradali na maji ya chungwa kila baada ya dakika tano. Karoti zilizochemshwa na kukaushwa kwa siagi, kijiko kimoja kinazitosha. Kwa samaki wetu wa pwani sijapata mafanikio. Kule Uskoti huitumia kwa salmoni, samaki mwenye mafuta mengi anayeweza kuibeba. Changu na tewa wanazama.

Vitamu ndio nyumbani kwake. Keki ya matunda ya Krismasi ukiioka sasa, itoboe toboe kwa kijiti, inyweshe kijiko kimoja kikubwa kila wiki, uifunge vizuri. Pudini ya mkate iloweshe zabibu zake humo usiku kucha. Waskoti wana kitamu chao kiitwacho cranachan: krimu iliyopigwa, oti zilizokaangwa kavu hadi zinukie, asali, wiski, na matunda ya rasiberi. Drambuie inachukua nafasi ya asali na wiski kwa mpigo. Rasiberi ukizikosa sokoni usilie, tumia pasheni. Uchachu wake unafanya kazi ileile, na kusema kweli, kwa mdomo wangu, inaifanya vizuri zaidi. Aiskrimu ya kutengeneza nyumbani usizidishe vijiko vitatu vikubwa kwa lita, kileo huzuia kuganda na utabaki na supu baridi.

Kuna watu watakuambia uwashe moto juu ya kikaango ili ipendeze. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya wageni katika hoteli moja, nikamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, moto ukapanda mkondo wa kinywaji kuelekea mkononi. Nyusi ziliota tena baada ya miezi miwili. Kama ni lazima, zima jiko kwanza, pima kwenye kikombe, weka chupa mbali, hakikisha hakuna pazia karibu, shika kiberiti kirefu, na mfuniko wa sufuria uwe mkononi. Ladha haibadiliki kiasi cha kustahili nyusi.

Na moto huo ndio unaotufikisha kwa wifi yako, swali muhimu kuliko yote uliyouliza. Rafiki yako amekosea. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la kileo kinachobaki kwenye chakula baada ya kupikwa. Chakula kilichowashwa moto kama nilivyoeleza kinabakiwa na asilimia 75 ya kileo kilichotiwa. Kilichotiwa kwenye mchuzi unaotokota na kukorogwa dakika 15 kinabakiwa na asilimia 40, nusu saa 35, saa nzima 25. Hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Kileo hakiruki chote mara moja, kwa sababu kimeshikana na maji na yote mawili hutoka pamoja.

Chukua nanasi letu: vijiko vitatu ni kama mililita 45, ndani yake kileo halisi mililita 18. Dakika mbili za moto mdogo hazifiki hata robo saa ya jedwali, kwa hiyo zaidi ya mililita saba zinabaki, na inaweza kuwa zaidi ya hizo kwa mbali. Kwa mtu anayekunywa ni kidogo. Kwa mtu aliyejizuia kwa ajili ya dini yake, udogo si hoja. Si mimi wala rafiki yako tunaomwamulia, na keki ile ya Krismasi, inayonyweshwa baada ya kuokwa, ndiyo kabisa usimkaribishe.

Kwa hiyo pika vikaango viwili. Cha kwao kianze kwanza, kikiwa safi, na kijiko chake, usije ukachovya hiki ukakoroga kile. Badala ya Drambuie tia asali vijiko viwili, maji ya chungwa vijiko viwili, ganda la chungwa lililokunwa, nyuzi chache za zafarani zilizoloweshwa, na kungumanga ya kukuna. Ndimu kama kawaida. Wala hutakuwa umewapa chakula cha pili kwa hadhi. Mimi mwenyewe siku nyingine hupika hicho nikaacha chupa kabatini. Kisha waambie wazi kipi ni kipi kabla hawajaketi. Mgeni akijua, anakula kwa raha. Na glasi za soda ya tangawizi na ndimu weka nyingi, watoto watazivamia.

Ikiisha ununue nyingine? Kama mume wako ameupenda msumari, nunua, maana ile yenyewe haiigiki. Kama mwaipenda zaidi kwa kupikia, tengeneza ya kwenu. Chukua wiski ya kawaida mililita 350, itie kwenye mtungi wa kioo na ganda la nusu chungwa, nusu kijiko cha chai cha shamari iliyopondwa, karafuu moja tu, na nyuzi sita za zafarani. Karafuu itoe baada ya saa sita, ikikaa zaidi itatawala kila kitu. Vingine vitoe siku ya pili kwa kuchuja. Pasha maji mililita 60, yawe ya moto kiasi cha kidole kuvumilia, yeyushia humo asali gramu 120, ikipoa changanya.

Asali isiwe ile nyepesi ya njano. Tafuta ya misitu ya miombo, kama ya Tabora, nyeusi na yenye ukali, kwa sababu ndiyo iliyo na ule uchungu wa nyuma niliokutajia wa milima ya Uskoti. Kileo kitashuka hadi karibu asilimia 28, maana maji na asali vimeongezeka. Wenye kiwanda huweza kuibakisha 40 kwa kuwa wiski hutoka kwenye pipa ikiwa na nguvu kuliko ya dukani. Itakuwa imetibuka siku za kwanza, kisha mashapo yatashuka chini. Imimine juu kwa juu kwenye chupa safi, mashapo yaache. Andika tarehe, na usiionje kabla ya wiki mbili.